Hati Wazi ya Enzi, Si Barua za Hataza

Istilahi ya "barua za hataza", inayotumiwa kuitaja hati iliyompa askofu wa koloni cheo chake kwa jina la Malkia wa Uingereza, haina budi kuachwa, kwa kuwa hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na haki hiyo ndiyo iliyorithi jina la Kizungu la hati ya kifalme, wala si kinyume chake. Kuiita hati hiyo hataza ni kumpa babu jina la mjukuu.

Asili ya jina hilo la Kizungu ni Kilatini, litterae patentes, na neno la pili latokana na kitenzi patere, yaani kuwa wazi, kwa sababu hati hiyo haikukunjwa na kufungwa kwa lakiri kama litterae clausae, bali iliachwa wazi, muhuri ukining'inia chini yake, ili kila aliyeonyeshwa aisome. Neno la kwanza lilikuwa la wingi hata liliposimamia barua moja, hivyo hao wanaoandika "barua za" wanauburura wingi wa Kilatini ambao Kiswahili hakiuhitaji. Na "barua ya wazi" imekwisha kutwaliwa na magazeti. Istilahi sahihi ni hati wazi ya enzi. Hati ni maandishi yenye nguvu ya kisheria. Enzi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni nguvu na utukufu wa mtawala, kama katika kiti cha enzi.

Wanaoliona neno enzi kuwa la kishairi mno hawajaisoma kesi ya Askofu John William Colenso wa koloni la Natal, kusini mwa Afrika, ambamo mipaka ya enzi ndiyo iliyokuwa kiini cha shauri. Mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town, akitegemea hati wazi ya enzi aliyopewa mwaka 1853 kumweka juu ya maaskofu wengine wa eneo hilo, alimhukumu Colenso kwa uzushi, kwa sababu ya maandishi yake juu ya Biblia, akamvua uaskofu. Colenso alikwenda London kwenye Baraza la Washauri wa Malkia, lililosikiliza rufaa za makoloni, na tarehe 20 Machi 1865 likaamua kwamba hukumu ya Gray ilikuwa batili, kwani koloni lililokwisha kupata bunge lake haliwezi kuwekewa mahakama ya kanisa kwa hati ya Malkia peke yake, pasipo sheria. Mwaka 1866 mahakama nyingine ya Uingereza iliamuru Colenso alipwe mshahara wake. Gray hakukubali, na mwaka 1869 alimweka wakfu askofu mwingine, W. K. Macrorie, hata Natal ikawa na maaskofu wawili.

Katika matumizi, wingi ni hati wazi za enzi. Mwandishi anayesema "Gray alipewa hataza" anamfanya askofu kuwa mvumbuzi, na wahariri wa vitabu vya historia na sheria wanaombwa kulifuta kosa hilo popote walionapo.