Kadi Inayobaki Kliniki

Mama yangu mkubwa aliuza vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mwaka 2006, nikiwa darasa la sita, aliniita nyuma ya marobota, akafunua fundo la kanga na kunitolea kadi iliyokunjwa mara mbili. Alitaka nimsomee tarehe ya kurudi, maana mwandiko ulikuwa wa kidaktari. Nilisoma tarehe. Kisha nikasoma na mengine ambayo sikuombwa: namba ndefu inayoanza na mkoa, ikafuata wilaya, kituo, na mwisho kabisa mtu mwenyewe. Jina lake alikuwa amelikwaruza kwa kucha mpaka karatasi ikachanika.

Kutoka dukani kwake hadi Mnazi Mmoja ni mwendo wa kumaliza pipi. Amana, Ilala, haikuwa mbali pia. Yeye alipanda daladala mbili kwenda kliniki ambako hakuna mteja wake hata mmoja angemwona kwenye benchi. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo walifanya hivyo, na kina mama wa kule walikokwenda walikuja kutibiwa huku kwetu. Siku za kliniki jiji lilibadilishana wagonjwa.

Ile aliyokuwa nayo iliitwa CTC1. Miaka mingi baadaye ndipo nilijua kwamba ilikuwa na pacha wake, CTC2, isiyotoka kliniki. Ya kwanza humkumbusha mgonjwa arudi lini. Ya pili humkumbusha mtoa huduma huyu ni nani: uzito wake safari iliyopita, hatua ya ugonjwa, CD4, kama ana dalili za kifua kikuu, anakunywa dawa vizuri au anaruka, bado anafanya kazi au amelala kitandani. Ukitaka kuiandika historia ya ubora wa huduma za VVU Dar es Salaam, anza na hiyo kadi ya pili. Hotuba zipo nyingi, lakini ni kwenye visanduku vya kadi hiyo, vilivyojazwa au kuachwa wazi, ndiko ilikoamuliwa nani anaishi.

Wagonjwa wa kwanza Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ambako ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka wa Uganda. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Dar es Salaam iliupokea kwa mzaha, kama inavyopokea kila kitu: ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Nyuma ya mzaha watu walizikwa. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, kifupi cha Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania, wakatoa ushauri nasaha na kutembelea familia. Mwaka 1992 jimbo kuu katoliki likaanzisha PASADA kule Temeke. Hawa walikuwa na maneno, uji, sabuni na subira. Dawa hawakuwa nayo.

Kati ya 1995 na 1997 wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU jijini waliandikishwa kwenye utafiti wa vitamini uliofanywa na watafiti wa Muhimbili na Harvard, miongoni mwao Gernard Msamanga na Wafaie Fawzi. Wakati huohuo, kuanzia 1996, nchi tajiri zilikuwa zinaanza kuwapa wagonjwa wao dawa tatu kwa pamoja, na watu waliokwisha kuaga walikuwa wanarudi kazini. Huku kwetu swali la kisayansi lilikuwa kama vidonge vya vitamini vingemchelewesha mama kufika kaburini. Majibu yalichapishwa mwaka 2004: vitamini B, C na E zilichelewesha. Utafiti ulikuwa mzuri na ulifanywa kwa uangalifu, na bado kila nikiusoma nahisi kitu kinanikaba. Hata hivyo uliacha urithi ambao haukuandikwa kwenye majedwali yake: wauguzi waliozoea kumfuatilia mtu mmoja kwa miaka, kumpima uzito kila mwezi, kuandika na kumtafuta asipokuja.

Urithi huo ulihitajika haraka. Mwaka 2003 serikali ilipanga mpango wa taifa wa tiba na matunzo, Marekani ikatangaza PEPFAR, na Desemba 1 mwaka huo Shirika la Afya Duniani likazindua lengo la kuwafikia watu milioni 3 kufikia 2005. Mwishoni mwa 2004 dawa za bure zikaanza kutolewa Tanzania. Jijini, chuo cha tiba cha Muhimbili, Jiji la Dar es Salaam na Harvard waliunda ushirikiano ambao baadaye ukawa shirika la Kitanzania, Management and Development for Health, linalojulikana kwa herufi MDH.

Dawa zikafika. Nani azitoe? Daktari aliyehitimu miaka ya 1980 hakuwahi kuandika cheti cha ARV. Madaktari wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo kazi iliwaangukia matabibu na wauguzi, na ikabidi wajifunze mambo ambayo kosa dogo lake linaua. Nevirapine huanzwa kwa nusu dozi siku 14 kwa kuogopa vipele na ini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampicin habaki kwenye nevirapine, anahamishiwa efavirenz. Zidovudine haianzishwi kabla ya kupima wingi wa damu. Stavudine, iliyokuwa kwenye mchanganyiko wa kwanza kwa kuwa ilikuwa rahisi, inachoma mishipa ya fahamu ya miguu na kunyonya mafuta ya mashavu.

Mafunzo yalianza kwa namna tunayoijua: semina, hoteli nje ya mji, daftari, kalamu, chai ya saa nne, posho. Niseme ukweli, semina imekuwa ugonjwa wetu mwingine. Mtumishi anarudi na cheti, anakuta foleni ya watu 80 na karatasi za kujazia zimekwisha, na wiki ya pili anafanya kama zamani. Waliosimamia kliniki za jiji waliliona hilo. Kilicholeta tofauti ni usimamizi shirikishi: mwalimu anakuja kituoni, anavuta kiti kando ya tabibu, anaangalia anavyomhoji mgonjwa, wanachomoa mafaili kadhaa bila kuchagua na kuyasoma pamoja. Hapa hukuandika uzito. Hapa CD4 ilikuwa chini ya 200 na miezi mitatu imepita hujamwanzishia dawa, kwa nini? Wakati mwingine jibu lilikuwa uzembe. Mara nyingi lilikuwa kwamba mzani umeharibika au majibu ya maabara yamelala kwenye droo. Mwalimu wa namna hiyo anaudhi. Hana posho ya kugawa, ana maswali tu.

Mama mkubwa hakujua lolote kati ya haya. Alichojua ni kwamba mwaka wake wa kwanza muuguzi mmoja aliita majina kwa sauti hadi nje ya geti, naye siku hiyo akainuka, akaondoka bila dawa. Alichojua pia ni kwamba baadaye alikuja muuguzi mwingine, akamwuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: "Mama, usiku miguu inawaka moto?" Ilikuwa inawaka karibu mwaka mzima. Yeye alidhani ni kusimama dukani. Walimbadilishia dawa. Kwenye CTC2 hilo ni badiliko la tarakimu moja.

Siasa nazo zilipita jirani. Jumamosi ya Julai 14, 2007, Rais Kikwete na mkewe Salma walipima hadharani viwanja vya Mnazi Mmoja. Februari 17, 2008 Rais Bush alitembelea kliniki ya Amana. Mama mkubwa alikumbuka foleni ya magari tu.

Halafu ikaja 2011 na kikombe. Maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Kariakoo mabasi yalijaa. Mama mkubwa alifunga duka siku tisa, akarudi na vumbi na furaha, akaacha vidonge. Mimi, msomi wa familia, sikumwambia kitu. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa na sikuwa na moyo wa kumrudisha huko.

Aliyemrudisha ni daftari la miadi. Kadi yake ya kliniki ilitengwa kwenye kisanduku cha watoro, simu ikapigwa, haikupokelewa. Wiki iliyofuata mhudumu wa wagonjwa majumbani alifika dukani, akashikashika vitenge kama mteja, akasubiri watu waishe, akanunua doti moja kweli, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumekukosa kule." Hakumtaja Babu wala hakumkemea. Kwenye mafunzo yao walikuwa wameelekezwa hivyo, aliniambia nilipomtafuta baada ya miaka: mtoro akikaripiwa anapotea moja kwa moja. Mama mkubwa alirudi akiwa amepungua kilo sita.

Mengine yalikwenda kasi. Kuanzia Oktoba 2016 kila aliyekutwa na VVU akaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 ishuke. Utafiti uliohusisha vituo 48 vya jiji ukaonyesha kwamba waliopelekewa dawa nyumbani na wahudumu hawakufanya vibaya kuliko waliofuata kliniki. Kipimo cha wingi wa virusi kikawa ndicho hakimu, na kidonge chenye dolutegravir kikachukua nafasi ya vile vya zamani. Mama mkubwa akawa anahudhuria mara chache kwa mwaka, na virusi vyake vimefubaa hadi mashine haivioni.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Dawa alizipata. Tarehe yake ilipofika alinipigia simu kutoka kliniki, akinong'ona kama zamani, ingawa siku hizi haogopi tena. Chumba cha wanaoingiza takwimu kilikuwa kimefungwa, na kadi za siku tatu zilikuwa zimerundikwa juu ya meza ya muuguzi, ambaye sasa alikuwa peke yake. Mama mkubwa alikuwa amevuta kiti. Alikuwa anamsaidia kuzipanga kwa namba.