Uchaguzi Mdogo: Udogo wa Nini?

Tarehe 25 Oktoba 1933, wapiga kura wa East Fulham, jijini London, waliitwa vituoni kuziba pengo lililoachwa na kifo cha mbunge wao, Sir Kenyon Vaughan-Morgan wa chama cha Conservative. Miaka miwili nyuma chama hicho kilishinda hapo kwa tofauti ya kura 14,521. Safari hii John Wilmot wa Labour alipata kura 17,790, mpinzani wake 12,950. Bungeni hesabu haikutikisika, maana serikali ilikuwa na viti zaidi ya 500. Hata hivyo, mwaka 1936 Waziri Mkuu Stanley Baldwin aliutaja uchaguzi huo alipowaeleza wabunge kwa nini nchi ilichelewa kujizatiti kwa silaha. Wanahistoria bado wanabishana kama watu wa Fulham walipigia kura amani, au nyumba na ajira. Sasa, tukio lililomkaa kiongozi moyoni miaka mitatu, tuliite “uchaguzi mdogo”?

Ndiyo, tuliite. “Mdogo” hapa ni jozi ya “mkuu”: huo ni wa nchi nzima, huu ni wa jimbo lililobaki wazi. Kinachopimwa ni eneo, uzito haumo. Idi ndogo nayo hupikiwa pilau na kuvaliwa kanzu mpya. Jina halijamfanya mtu aidharau. “Uchaguzi wa kujaza nafasi” unaeleza chanzo vizuri zaidi, nakiri, ila ni mrefu na hata chama cha ushirika hujaza nafasi.

Kosa ninalolipinga kwa nguvu ni kuuita “wa marudio”. Marudio hufuata kura iliyofutwa, kama Zanzibar mwaka 2016. Atakayebisha ana hoja moja nzito: zamani Uingereza, mbunge aliyeteuliwa waziri alipoteza kiti na kuwarudia wapiga kura walewale. Sheria ya 1919 iliilegeza kanuni hiyo, ya 1926 ikaifuta. Mwaka 1921 Sir Arthur Griffith-Boscawen, aliyeteuliwa Waziri wa Kilimo, alirudi Dudley kuomba kura, akashindwa na mgombea wa Labour. Aliyerudi ni mgombea. Kura zilizompa ubunge mara ya kwanza hazikuwa na dosari wala hakuna aliyezifuta. Kiti kilibaki wazi kwa sababu ya uteuzi, kama cha Fulham kilivyobaki wazi kwa sababu ya kifo.