Kondoo Asiyekuwa na Sufu

Kila ikaribiapo Idi ya Kuchinja, wanyama wa bara hushuka pwani kwa malori, na miongoni mwao wamo kondoo. Mwaka mmoja mjukuu wangu, ambaye ndio kwanza amefika Suratun Nahl katika darsa ya tafsiri, alisimama mbele ya kondoo tuliyemfunga chini ya mwembe, akampapasa mgongo, kisha akaniuliza: "Babu, iko wapi sufu?" Amesoma kuwa Mwenyezi Mungu amewaneemesha waja kwa sufu na manyoya na nywele za wanyama, wakapata vyombo vya nyumbani na vitu vya kustarehea. Na kondoo yule alikuwa na nywele fupi kama za mbuzi, rangi ya kahawia, na mkia mnene. Nikamjibu kwa haraka kuwa kondoo wetu ni duni, wenye sufu ni wa Ulaya. Jawabu hilo lilikuwa la makosa, na ndilo ninalotaka kulisahihisha hapa.

Mwenye lori alituambia kuwa kondoo wake wametoka Kasoli. Kasoli ni kata ya wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya ng'ombe na pamba. Kondoo huko hufugwa wachache wachache, hulala zizini pamoja na mbuzi, na hakuna awakataye manyoya. Kinachotazamiwa kwao ni nyama, mafuta ya mkia, ngozi, na fedha ya haraka siku mtoto anapodaiwa ada ya skuli. Sharia nayo imemhurumia mfugaji wa namna hii: asiyetimiza kondoo 40 hana zaka juu yake, wakitimia 40 hutoa mmoja, na hatoi wa pili mpaka wafike 121.

Sasa turudi kwenye sufu. Afrika haikuwa na kondoo wa mwituni ambaye kondoo wetu wametokana naye. Walifugwa kwanza katika nchi za Asia ya Magharibi, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na wale wa mwanzo walikuwa na nywele. Sufu ilikuwa kidogo, imejificha chini ya nywele, ikipukutika kila mwaka. Watu ndio waliochagua, kizazi baada ya kizazi kwa maelfu ya miaka, wale wenye sufu nyingi, mpaka akapatikana kondoo ambaye asipokatwa huelemewa. Katika picha za Misri ya kale sana tunaona kondoo wa nywele, na wa sufu wakaja baadaye. Wengine walishuka kusini, wakafika pande za Ziwa Turkana yapata miaka elfu nne au zaidi iliyopita, na baadaye wakaja pia wenye mkia wa mafuta kwa njia ya Pembe ya Afrika. Basi nywele za kondoo wa Kasoli si upungufu uliompata njiani. Ndiyo hali ya kwanza ya kondoo.

Waarabu wa jangwani walihitaji sufu kwa kuwa usiku wa jangwa una baridi kali. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira mdogo, na akasema kuwa hakuna Nabii ila alichunga. Neno lao *suf* tumelipokea sisi mara mbili: sufu ya mnyama, na sufi ya mti, ile tunayojazia mito na magodoro. Watu wa joto tulikiona kitu cheupe laini mtini, tukakipa jina la kitu tusichokuwa nacho mgongoni mwa mnyama. Majoho na mabushti ya sufu wazee wetu waliyapata kwa majahazi na meli.

Usukuma nako watu walivaa ngozi, mpaka misafara ya pwani ikawapelekea merikani, ile nguo ya pamba iliyojaa Unguja baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Baadaye serikali za Wajerumani na Waingereza zikahimiza kilimo cha pamba, na leo Simiyu ni katika mikoa inayotoa pamba nyingi kabisa Tanzania. Ukitaka sufu ya Kasoli, basi itafute shambani.

Wako waliojaribu kuigeuza hali hii. Lord Delamere alipoanza shamba lake Njoro, Kenya, yapata mwaka 1904, aliagiza kondoo wa sufu kutoka ng'ambo na akapandisha majike ya Kimaasai kwa madume ya kigeni. Walikufa wengi mno. Majani yalikuwa mazuri kwa macho, lakini ardhi ilikosa madini, na hasara ile ilikuwa karibu kumfilisi. Sufu ilikuja kufaulu katika nyanda za baridi kama Molo, na hata huko ni kazi ya mikono mingi: kukata, kuosha mafuta, kuchana, kusokota, kisha kufuma. Asiye na baridi atayachukulia nini mashaka hayo?

Kisha likaja jambo la karibu na milango yetu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mifugo waliweka kondoo hapo Diani, kusini ya Mombasa, wakamlinganisha kondoo mwekundu wa Kimaasai, jamaa wa hawa wa Usukuma, na Dorper, kondoo mkubwa aliyetengenezwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930. Katika unyevu wa pwani minyoo inyonyayo damu iliwaua wana-kondoo wa Dorper kwa wingi, na wale wekundu wakastahimili. Dorper mmoja ana nyama zaidi, lakini kundi zima la wekundu ndilo lililokuwa na faida kubwa. Hata hivyo wafugaji wengi walikwisha changanya makundi yao, na kondoo mwekundu halisi amekuwa adimu. Waliambiwa walichonacho ni duni, wakasadiki, kama nilivyomwambia mjukuu wangu.

Nilimwita jioni ile nikamweleza yote haya. Akasikiliza, kisha akauliza kama ngozi tutaiuza. Nikamwambia ngozi ya udh-hiya haiuzwi. Hutolewa sadaka, au mwenyewe huitumia. Tukaipaka chumvi, tukaiwamba juani, tukampelekea fundi akaitengeneza. Iko ukumbini hata sasa, na yeye ndiye aikaliaye akidurusu.