Kifungo kwanza, mkasi mwisho

Kijana aliyepelekwa kwa fundi cherehani mjini Monrovia, Liberia, miaka ya 1970, hakukabidhiwa mkasi. Alipewa sindano, uzi na suruali ambayo wenzake walikwisha kuikata na kuishona, akaambiwa atie vifungo na apinde ncha za miguu. Suruali ile ilikuwa imebakiza hatua moja imfikie mteja. Miezi ikipita ndipo alipoketi kwenye cherehani kuunganisha vipande. Mkasi aliushika mwisho kabisa.

Aliyeuandika mpangilio huo ni Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye kati ya 1973 na 1978 alikwenda Monrovia mara tano kukaa na mafundi wa jamii za Vai na Gola. Maneno yaliyotokana na kazi yake sasa yamejaa kwenye semina za kujenga timu na kukuza ujuzi kazini. Wengi wetu tumeyasikia, kwenye ukumbi wa hoteli, baina ya chai ya saa nne na bahasha ya posho. Sijawahi kumsikia mwezeshaji akitaja kwamba chimbuko la maneno hayo ni kichochoro cha mafundi wa Kiafrika.

Saikolojia ya kujifunza ilikulia maabara. Mwaka 1898 Edward Thorndike, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha utafiti wake wa paka waliofungiwa kwenye visanduku, wakahangaika na kamba na vitasa mpaka wakajua namna ya kutoka. Miaka mitatu baadaye yeye na Robert Woodworth waligeukia watu. Waliwazoesha kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina moja, kisha wakawapa maumbo mengine waone kama mazoezi yamesaidia. Yalisaidia kidogo tu. Ujuzi, walisema, huhama pale tu ambapo kazi mpya inafanana na ile ya zamani.

Shule hazikulitilia maanani onyo hilo. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu wa elimu walikuwa na hakika kwamba darasa humpa mtu fikra za jumla zinazofaa popote, ilhali anayejifunza kwa fundi huiga tu, na alichokiiga hakivuki kizingiti cha karakana. Watu wasiosoma, iliaminika, wanawaza kwa vitu vinavyoonekana, basi.

Liberia ndiko imani hiyo ilikoanza kuyumba. Michael Cole na John Gay walifanya utafiti huko miongoni mwa wakulima wa jamii ya Kpelle, walioonekana dhaifu katika hesabu za shule. Lakini walipoulizwa bakuli fulani lina vipimo vingapi vya mchele, wakulima waliwashinda Wamarekani waliopimwa nao. Mwenzao Joseph Glick naye alisimulia kisa kinachochekesha hadi leo. Wakulima waliwekewa vitu 20, vyakula, nguo, zana na vyombo, wakaombwa wavipange kwa mafungu. Wao waliviweka kwa matumizi: kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu ndicho kinachokata chungwa. Hivyo ndivyo mwenye busara angefanya, walieleza. Mtafiti aliyekata tamaa akauliza mpumbavu angepangaje. Papo hapo wakaweka vyakula na vyakula, zana na zana, sawasawa na jinsi vitabu vya saikolojia vilivyotaka.

Lave aliingia Liberia akiwa na swali hilohilo la ujuzi kuhama au kutohama. Mafundi walimfaa vizuri: baadhi walikuwa wamesoma, baadhi hawakusoma kabisa, na miaka yao ya ushonaji ilitofautiana. Aliwapa hesabu, nyingine za mtindo wa darasani, nyingine za suruali na viuno. Matokeo hayakumpendelea mwalimu wala fundi. Shule ilimsaidia mtu kwenye mambo yanayofanana na ya shule, ushonaji kwenye yanayofanana na ya ushonaji, na hakuna kati ya hizo mbili iliyomfikisha mbali nje ya mazoea yake. Kama mwanagenzi ni mfungwa wa karakana, basi na mwanafunzi ni mfungwa wa darasa.

Kwangu mimi, hata hivyo, utamu wa kazi yake hauko kwenye mtihani ule. Uko kwenye yale aliyoyaona baada ya kuuweka kando na kukaa kitako kutazama. Mafundi wale hawakuwa na mtaala. Ni nadra bwana fundi kusimama akafundisha. Hata hivyo, kwa wastani wa miaka mitano, wanagenzi walitoka wakiwa mafundi kamili.

Mpangilio wenyewe ulikuwa ndiyo mtaala. Kwa nguo za kushona mwenyewe mwanzo hadi mwisho, mwanagenzi alianza na kofia na nguo za ndani, akaenda kwenye nguo za watoto, kisha nguo za nje za watu wazima, na mwisho suti. Mshono uliopinda kwenye nguo ya ndani haumwaibishi mtu barabarani. Na ndani ya kila vazi hatua zilipinduliwa: kazi huanzia kukata na kuishia vifungo, mafunzo yalianzia vifungo na kuishia kukata. Anayetia vifungo anaishika suruali nzima mikononi, anaigeuza ndani nje, anajua mfuko umekaa wapi na mkanda umeungwa vipi. Akifika kwenye cherehani, vipande anavijua. Akifika kwenye mkasi, anajua kila kipande kinakwenda kuungana na nini, ndiyo maana kimekatwa hivyo kilivyokatwa. Kifungo kilichokaa vibaya hufumuliwa kikatiwa upya. Kitambaa cha mteja kikishakatwa vibaya, fundi amekwisha kununua kitambaa kingine. Yeyote aliyewahi kusubiri nguo yake kwenye baraza ya fundi hapa kwetu amewaona vijana wa vifungo, na pengine amewadhania kuwa watumwa wa kazi ndogondogo.

Lave alirudi California akaupeleka mtazamo huo madukani. Kwenye utafiti wa wanunuzi wa kawaida, hesabu walizofanya mbele ya rafu wakilinganisha bei zilikuwa sahihi kwa asilimia 98. Watu haohao walipokalishwa na karatasi ya mtihani, walipata asilimia 59. Katika utafiti huo alikuwamo pia mtu wa kupunguza unene aliyetakiwa kula robo tatu ya theluthi mbili za kikombe cha jibini laini. Hakuzidisha chochote. Alipima theluthi mbili, akaimimina, akaibonyeza ikawa duara, akachora msalaba juu yake kwa kidole, akaondoa robo moja. Akala. Hesabu hiyo kwenye karatasi ni nusu kikombe. Yeye aliifikia bila kuijua. Kitabu cha habari hizo kilitoka 1988.

Mwaka 1991 ndipo Lave na Etienne Wenger, Mswisi aliyesomea California, walipochapisha kijitabu kilichobadilisha mazungumzo. Walidai kwamba kujifunza si kujaza kichwa. Ni kuingia katika kundi la watu wenye kazi yao, kuanzia pembeni kwa ruhusa yao, na kusogea kidogokidogo hadi kati. Kundi hilo waliliita jumuiya ya watendaji. Mafundi wa Monrovia wamo, pamoja na wakunga wa Kimaya wa Mexico, mabaharia wa Marekani wanaopima njia ya meli, na walevi walioacha pombe.

Wamo pia wakata nyama wa Marekani, na hao ndio ningependa kila mkuu wa rasilimali watu awasome. Wanagenzi wa duka la nyama waliwekwa kwenye mashine ya kufunga nyama kwa plastiki, mahali ambapo hawakuweza kuwaona mabingwa wakikata. Walikuwa na mkataba, walikuwa na jina la mwanagenzi, na hawakujifunza kukata. Pembeni kwa mafundi wa Monrovia palikuwa na dirisha la kuonea kazi nzima. Pembeni kwa wakata nyama palikuwa na ukuta.

Wakati huohuo, mjini Palo Alto, California, kampuni ya Xerox ilikuwa imefadhili taasisi ya utafiti wa kujifunza, iliyoanzishwa miaka ya 1980. Julian Orr, aliyewahi kuwa fundi kabla ya kusomea anthropolojia, alifuatana na mafundi wa mashine za fotokopi wa kampuni hiyo. Aligundua kuwa mashine ngumu haikutengenezwa kwa mwongozo uliochapishwa. Ilitengenezwa kwa hadithi walizopigiana wakati wa chakula: mashine ya ofisi fulani ilivyogoma, na nani aliigundua dawa yake. Bosi aliyedhani wanapoteza muda alikuwa anaitazama shule yenyewe asiitambue.

Kuanzia hapo wazo likapanda bei. Wenger aliandika kitabu chake mwenyewe mwaka 1998, akitumia makarani wa madai ya bima. Mwaka 2002, pamoja na wenzake wawili, alitoa kingine cha kuwaelekeza mameneja namna ya kuzipalilia jumuiya hizo. Hapo mimi nina mashaka. Mafundi wa Monrovia hawakupaliliwa na meneja. Walikuwa na suruali za kushona na wateja mlangoni. Semina ya siku mbili yenye karatasi za rangi ukutani humpa mfanyakazi mpya msamiati wa jumuiya, kisha Jumatatu humrudisha kwenye mashine ya kufunga nyama.

Lave hakufuata njia ya washauri. Aliendelea kufundisha chuo kikuu na kuyarudia madaftari yake ya Monrovia, huku Liberia ikipita kwenye mapinduzi ya 1980 na vita vilivyoanza mwishoni mwa 1989. Kitabu chake kizima kuhusu mafundi wale kilitoka 2011, miaka 38 tangu safari ya kwanza. Ndani yake anajieleza kuwa naye alikuwa mwanagenzi.