Kariakoo, mtaa wa wabeba mizigo

Wadau, ukichoka na maharage ya kantini, panda daladala twende Kariakoo. Kwa mama ntilie utakula wali na mchicha, bega kwa bega na wasukuma mikokoteni. Jina lenyewe limetoka kwa wenzao wa zamani. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dar kutoka kwa Wajerumani, na wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakapiga kambi hapo. Watu wakatamka Kariakoo. Jamaa walibeba chakula cha askari porini, wenyewe wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Pale Posta, Sanamu ya Askari ya 1927 imemsimamisha mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi. Kwa hiyo ukimkuta mbeba viroba kwenye foleni ya wali, mwache apakuliwe kwanza. Mtaa ni wake huo!