Apu ya Wavuti na Apu ya Kupakua: Uchapishaji wa Simu Machakos

Anayetaka maandishi, sauti au picha zake zisomwe kwenye simu ya kisasa ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni apu ya kupakua, inayotengenezewa mfumo mmoja wa simu, Android au iOS, ikachukuliwa Play Store au App Store na kukaa ndani ya simu. Ya pili ni apu ya wavuti, yaani tovuti iliyoundwa ifanye kazi kama apu: msomaji anabonyeza kiungo, inafunguka kwenye kivinjari, na akipenda anaiweka kwenye skrini ya kwanza pamoja na apu nyingine. Katika Kaunti ya Machakos uamuzi huu huwakabili walimu wanaoandika vitabu vya mazoezi, makanisa, vikundi vya wakulima, wachongaji wa Wamunyu wenye picha za vinyago vya kuuza, na watu wanaochapisha hadithi za Kikamba. Wengi huanza kwa kumuuliza fundi anatoza pesa ngapi, ilhali swali la kwanza lingekuwa msomaji ana simu gani na bando la aina gani.

Msomaji na simu yake

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika kaunti hii. Upande mmoja kuna Syokimau na Mlolongo, mitaa iliyoshikana na Nairobi ambako intaneti ya faiba imefika majumbani. Upande mwingine kuna Masinga na Yatta, ambako wengi hununua bando la siku au la saa, likiisha wakangoja lingine. Athi River, ndani ya kaunti hiyo hiyo, kuna kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya, kilichofunguliwa na Rais William Ruto tarehe 30 Oktoba 2023. Kiwanda hicho ni ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na TeleOne, na kazi yake ni kuunganisha simu za 4G za bei nafuu. Simu zake za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa Sh7,499 na Sh8,999. Kabla ya hapo, Julai 2020, Safaricom na Google zilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitoa malipo ya kwanza kisha akalipa Sh20 kwa siku hadi simu ikawa yake.

Simu za aina hii ndizo mchapishaji wa Machakos anapaswa kupimia kazi yake, wala si ile iliyo mfukoni mwa fundi. Ni za Android, kwa hiyo toleo la iPhone linaweza kungoja. Nafasi yake ya kuhifadhi huliwa mapema na mfumo wenyewe, halafu na WhatsApp pamoja na video zote zinazomiminwa kwenye vikundi vya ukoo na vya chama. Simu ikijaa, mwenyewe hufuta apu anayoigusa mara chache, na apu ya kitabu kimoja huwa ya kwanza kutoka. Apu ya wavuti yenye maandishi na picha chache haifiki hata megabaiti moja. Twitter ilipotoa Twitter Lite mwaka wa 2017, ikilenga nchi zenye mtandao hafifu, iliibana chini ya kiwango hicho. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni inayofanya kazi Kenya na nchi nyingine za Afrika, nayo ilijenga apu ya wavuti na kupata kwamba inatumia data na nafasi kidogo mno kuliko apu yake ya kupakua.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wataalamu wa ng'ambo hawalitaji kwa sababu haliwasumbui. Kampuni za simu Kenya huuza vifurushi vya WhatsApp pekee. Mtu mwenye kifurushi hicho tu akitumiwa kiungo atakiona na kukibonyeza, lakini ukurasa hautafunguka, kwa kuwa kivinjari kinakula data ya kawaida ambayo hana. Mtu huyo huyo akitumiwa faili la PDF, au faili la usakinishaji la Android liitwalo APK, analipokea bila shida maana limepita ndani ya WhatsApp. Wengine hawangoji hata WhatsApp: APK hutoka simu moja hadi nyingine kwa Bluetooth au Xender bila kutumia data yoyote. Kwa Masinga na Yatta hoja hii ina uzito. Inafaa kuongeza hapa kwamba kijitabu cha kurasa 20 kisichobadilika hakihitaji apu ya namna yoyote. PDF iliyopangwa kwa upana wa simu inatosha, na fundi anayesema vinginevyo anatafuta kazi.

Wapo pia wasomaji wa mulika mwizi, simu ndogo za vitufe, ambao hawafikiwi na njia zote mbili. Huduma ya iCow, iliyoanza mwaka wa 2011 kuwapa wafugaji wa Kenya ushauri kuhusu ng'ombe wao, ilitegemea ujumbe mfupi na nambari za nyota na reli kwa sababu wateja wake walikuwa na simu hizo.

Asili ya mvutano

iPhone ilipotoka mwaka wa 2007, Steve Jobs aliwaambia waundaji programu watengeneze apu za wavuti. Miezi michache baadaye, Oktoba, Apple ilibadili msimamo na kutangaza kwamba ingewapa vifaa vya kuunda apu za kupakua, na App Store ikafunguliwa Julai 2008. Soko la Android lilifuata Oktoba mwaka huo, likapewa jina la Google Play mwaka wa 2012. YouVersion, ambayo leo wengi makanisani wanaijua kama apu ya Biblia, ilianza mwaka wa 2007 ikiwa tovuti, kisha ikawa miongoni mwa apu za kwanza kabisa App Store ilipofungua milango. Gazeti la Financial Times la Uingereza lilienda kinyume: mwaka wa 2011 liliondoka App Store na kuwapeleka wasomaji kwenye apu ya wavuti, kwa sababu halikukubali masharti ya Apple kuhusu mapato na taarifa za wasomaji wanaojiandikisha.

Mwaka wa 2015 Frances Berriman na Alex Russell walizipa apu za wavuti za kizazi kipya jina linalofupishwa PWA. Kilichozitofautisha na tovuti za kawaida ni msimbo mdogo unaobaki kwenye simu hata ukurasa ukifungwa. Msimbo huo hukaa kati ya ukurasa na mtandao: msomaji akiomba sura ya pili, hutazama kwanza kama imeshahifadhiwa kwenye simu, ikiwepo huitoa papo hapo, isipokuwepo huiendea mtandaoni. Chrome iliupokea mwaka wa 2015, Safari ya iPhone ikasubiri hadi 2018, na arifa za apu za wavuti zikafika kwenye iPhone mwaka wa 2023. Kwa simu za Athi River ucheleweshaji huo wa Apple hauna madhara.

Kusoma bila mtandao

Wengi bado wanaamini kwamba apu ya wavuti hufa bando likiisha. Si kweli kwa maandishi. Ni kweli nusu kwa sauti na video, kwa sababu kivinjari kikibanwa na nafasi kinaweza kufuta kilichohifadhiwa bila kumuuliza mtu, na Safari hufuta data ya tovuti isiyotembelewa baada ya siku 7 za matumizi ya kivinjari, isipokuwa ile iliyowekwa kwenye skrini ya kwanza. Mwalimu anayetaka mafunzo ya sauti ya saa nyingi yakae kwenye simu ya mwanafunzi muhula mzima atengeneze apu ya kupakua. Serikali ya Kenya yenyewe, ilipoanza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza mwaka wa 2016, iliwapa watoto vifaa vilivyokwisha kupakiwa masomo, kwani haingewezekana kutegemea mtandao wa kila shule.

Kuweka apu ya wavuti kwenye skrini ya kwanza kuna kikwazo chake, na hapa ndipo wachapishaji hupoteza wasomaji bila kujua. Kiungo kikifunguliwa kutoka WhatsApp kwenye Android, huenda Chrome, na menyu ya Chrome ina nafasi ya kuisakinisha. Kikifunguliwa kutoka Facebook, hubaki ndani ya kivinjari cha Facebook chenyewe, ambacho hakina nafasi hiyo. Msomaji anatafuta kitufe alichoelekezwa, hakioni, anaondoka. Kwenye iPhone inabidi abonyeze alama ya kushiriki kwanza. Watu wamezoea Play Store. Neno “tafuta Play Store” likitangazwa kwenye redio ya Kikamba ya Musyi FM linaeleweka na kila mtu, na hiyo ni faida ya apu ya kupakua ambayo hakuna ustadi wa wavuti unaoweza kuifuta.

Fedha

Akaunti ya kuchapisha Google Play hulipiwa dola 25 mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Maduka yote mawili hukata asilimia 15 ya mauzo ya vitu vya kidijitali kwa wauzaji wadogo, yaani dola milioni 1 za kwanza kwa mwaka. Kijitabu cha Sh100 kikiuzwa ndani ya apu kwa utaratibu huo, Sh15 zinabaki dukani. Vinyago vya Wamunyu haviguswi, kwa kuwa makato hayahusu bidhaa za kushikika.

Apu ya wavuti hupokea malipo kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliufungulia waundaji programu mwaka wa 2017. Msomaji anaandika nambari ya simu, ombi linatokea kwenye skrini, anaweka nambari ya siri ya M-Pesa, kitabu kinafunguka. Hapa wavuti inashinda waziwazi, na kwa anayeuza maandishi kwa bei ya chini ningesema hoja hii peke yake inatosha kuamua.

Lugha na vifaa vya kazi

Uchapishaji wa Kikamba ni wa zamani. Injili ya Marko iliyotafsiriwa na Johann Ludwig Krapf ilichapwa Tübingen, Ujerumani, mwaka wa 1850. Herufi ĩ na ũ zinazotumika leo huonekana sawasawa kwenye Android za kisasa, ila fonti za mapambo wanazopenda wabunifu mara nyingi hazina herufi hizo, na matokeo yake ni neno lenye kisanduku kitupu katikati. Tatizo hilo ni moja kwa njia zote mbili na dawa yake ni moja: fonti kamili iende pamoja na apu.

Asiyejua kuandika msimbo hajafungiwa nje. Shirika la SIL linatoa bila malipo Reading App Builder, inayochukua maandishi, picha na sauti na kuzaa apu ya Android. Matoleo yake ya karibuni yanaweza kuzaa pia apu ya wavuti kutoka kazi ile ile. African Storybook, mradi ulioanza mwaka wa 2014 chini ya shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za watoto za Kikamba kwenye tovuti yake na pia una apu ya kusomea. Kwa mchapishaji mdogo mpangilio huo wa chanzo kimoja na milango miwili ndio wenye busara zaidi: wavuti kwanza, kisha apu ya kupakua wasomaji wakiidai.

Matunzo

Gharama inayosahaulika huja baada ya uzinduzi. Google hutaka apu zilingane na matoleo mapya ya Android, na iliyoachwa miaka kadhaa bila kuguswa haionekani tena kwa wenye simu mpya wanaoitafuta Play Store. Anayefungua akaunti mpya ya binafsi, tangu mwishoni mwa 2023, lazima kwanza apate watu wa kuijaribu apu kwa siku 14; walitakiwa 20, wakapunguzwa hadi 12 mwaka wa 2024. APK za kupitishwa mkononi nazo zimeanza kubanwa: Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba itataka wanaozitengeneza wathibitishe utambulisho wao, ikianza na nchi chache mwaka wa 2026. Kenya tayari ilionja udhibiti wa aina hii mwaka wa 2023, Play Store ilipoanza kudai leseni ya Benki Kuu kwa apu za mikopo.

Apu ya wavuti haina mlinzi wa mlangoni, lakini ina kodi ya kila mwaka: seva na jina la kikoa, kama vile .co.ke linalosimamiwa na KeNIC. Kikoa kisipolipiwa, apu hutoweka kwa wasomaji wapya, wakati apu ya kupakua iliyokwisha sakinishwa huendelea kufunguka. Kwa upande wake, apu ya kupakua husainiwa kwa ufunguo wa siri. APK inayosambazwa nje ya duka, ufunguo wake ukipotea na kompyuta ya fundi, haiwezi kusasishwa tena. Msomaji hulazimika kuifuta na kusakinisha nyingine, na alama zake zote za mahali alipofikia hupotea. Kikundi kinachomlipa fundi kiandikishe kikoa na akaunti ya Play kwa jina lake chenyewe, na nakala ya ufunguo ikabidhiwe mweka hazina pamoja na stakabadhi.