Sanaa Katika Jina la Chuo: Shahada na Ajira Magharibi ya Kenya

Makala haya yamechochewa na karatasi moja. Mwanafunzi aliyelelewa Malava, kaskazini ya mji wa Kakamega kwenye barabara iendayo Webuye, alituletea shahada aliyojichorea mwenyewe: fasihi ya Kiswahili, tafsiri, uhasibu na sheria ya ardhi. Alikusudia kufungua ofisi ya kutafsiri na kuhariri hati huko kwao. Kanuni zetu zilimpa masomo mawili ya kufundishia, basi.

Kanuni hiyo ina historia yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza, Oktoba 1968, kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe jijini Nairobi, walihoji ni fasihi ipi iwe kitovu cha masomo. Kazi ya mhitimu haikuwa kiini cha hoja yao, na haishangazi: taifa changa lilikuwa bado linawatafuta wasomi wa kushika nafasi zilizoachwa na wakoloni.

Mwaka 1985 mambo yaligeuka. Mfumo wa 8-4-4 uliifanya lugha ya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Walimu wakahitajika kwa wingi, na shahada ya ualimu ikawa ndiyo nyumba ya fasihi ya Kiswahili vyuoni. Hapana budi tukiri kwamba ajira ndiyo iliyotukuza sisi wahadhiri. Lakini nyumba hiyo ilikuwa na mlango mmoja. Aghalabu riwaya ilisomwa kwa jicho la mtahiniwa wa Kidato cha Nne, na utenzi usiotahiniwa ukabaki rafuni. Serikali iliposimamisha mwaka 1998 desturi ya kuwaajiri walimu moja kwa moja, wahitimu wetu walijikuta na shahada iliyoandaliwa kwa ajili ya mwajiri mmoja, naye amefunga daftari.

Wakazi wa Magharibi walikuwa wamewaza kwa upana zaidi. Chuo walichokianzisha Kakamega kwa moyo wa harambee mapema katika miaka ya 1970 kiliitwa, kwa tafsiri yetu, Chuo cha Magharibi cha Sanaa na Sayansi Tumizi. Mambo hayo mawili yalikaa katika jina moja. Kilipofanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, neno “Sanaa” liliondoka jinani. Na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Masomo ya sanaa yangali yanafundishwa humo, ila bango la langoni halisemi hivyo.

Karatasi ya mwanafunzi wetu nayo ilikuwa na pengo: haikuwa na ushairi wala fasihi simulizi. Tulimshauri apunguze uhasibu ili apate nafasi. Fasihi simulizi aliipokea, akisema hati nyingi za ardhi huanza na masimulizi ya wazee. Uhasibu alikataa kuupunguza. Tumeuwasilisha mpango wake kwa kamati ukiwa na yote mawili.